Je, wajua siri za roketi za Wasovieti zilifichuliwaje?

Yuri Gagarin aliporuka angani tarehe 12 Aprili 1961, dunia ilijua jina lake siku hiyohiyo. Aliyeongoza kazi ya kuunda roketi yake, umma haukumjua. Magazeti ya Moscow yalimwita "Mbunifu Mkuu", basi. Jina la Sergei Korolev lilitoka gazetini Januari 1966, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Sasa mwanahistoria ataandikaje habari za mradi ambao hata mkuu wake alifichwa?

Mwanzoni watafiti wa Magharibi walikuwa wakiokoteza. Picha ya kikosi cha kwanza cha wanaanga, iliyopigwa Sochi mwaka 1961, ilichapwa kwa namna mbili: katika moja kuna kijana fulani, katika nyingine hayupo, ilhali wenzake wako vilevile. Mmarekani James Oberg aliziweka picha za namna hiyo pamoja akaona jinsi watu walivyofutwa. Kijana yule alikuwa Grigory Nelyubov, aliyetimuliwa kikosini mwaka 1963 baada ya kulewa na kugombana na askari wa doria.

Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi za Gorbachev. Waliokuwa wamefunga midomo wakaanza kusema, na nyaraka zikaanza kutoka. Hapo ndipo anapoingia Asif Siddiqi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Mwaka 2000 alitoa kitabu kinene ajabu juu ya safari za anga za Wasovieti, na waliokichapa ni NASA, shirika la anga la Marekani, yaani mshindani mwenyewe!

Siddiqi hushindanisha mashahidi. Jenerali Nikolai Kamanin, msimamizi wa mafunzo ya wanaanga, aliandika shajara matukio yakiwa bado moto, kwa hiyo tarehe zake ni za kuaminika. Ila hakupatana na Vasily Mishin, mrithi wa Korolev, na kila anapomtaja kalamu inakuwa kali. Boris Chertok, msaidizi wa Korolev, alijua mitambo ndani nje, lakini kumbukumbu zake alizichapisha miaka mingi baadaye, akiwa mzee. Mwanahistoria huwasoma wote wawili, kisha huwapima kwa amri za serikali za wakati ule.

Matunda yake yanaonekana vizuri kwenye habari za N1, roketi ya kwenda mwezini yenye urefu wa mita 105 na injini 30 chini yake. Ilijaribiwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na mara zote nne ikaharibika. Tarehe 3 Julai 1969 iliinuka kidogo, ikaanguka palepale ilipotoka na kuuteketeza uwanja wake. Kabla mwezi huo haujaisha Wamarekani walikuwa wameshakanyaga mwezini, na kwa miaka mingi Moscow ilidai haikuwa mashindanoni.

Ukiuliza kwa nini ilishindikana, jibu rahisi ni kwamba injini zilikuwa mbovu. Nyaraka zinaeleza zaidi. Amri ya kwenda mwezini ilitoka Agosti 1964, miaka mitatu baada ya Kennedy kutangaza nia yake. Korolev alitaka mafuta ya taa na oksijeni. Valentin Glushko, bingwa wa injini za roketi, akashikilia kemikali zenye sumu kali. Hakuna aliyelegea, na Korolev akaishia kwa Nikolai Kuznetsov, fundi wa injini za ndege. Kibaya zaidi, ile sehemu ya chini haikuwahi kuwashwa nzima ardhini kabla ya kurushwa. Kwangu mimi, hilo la mwisho ndilo lililoua.

Siddiqi hakuishia Urusi. Ameandika pia kuhusu San Marco, kituo cha Waitaliano kilichojengwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kiliwekwa pale kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi inayoelekea mashariki, na mashariki yake ni bahari tupu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Roketi ilikuwa ya Marekani, warushaji Waitaliano, bahari ya Kenya. Anayetaka kuandika habari zake hawezi kutegemea kabati la nchi moja.