Utepe mweusi machoni haumfichi mgonjwa
Wengi, hata madaktari wa meno hapa Nairobi, huamini kwamba picha ya mgonjwa ikizibwa macho kwa utepe mweusi, hakuna atakayejua ni nani. Si kweli. Mama mboga wa mtaani kwake atamtambua kwa pengo, kovu la mdomoni, hata hereni. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inasema wazi kuwa kuziba macho hakutoshi: mgonjwa anayetambulika aonyeshwe kwanza mswada wa makala itakayochapishwa na picha yake, kisha atoe idhini ya maandishi. (Na fomu aliyotia sahihi ili ang'olewe jino siyo hiyo!) Kenya nayo, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inahesabu habari za afya kuwa data nyeti.