Halofili si kijidudu sugu

Hapa Mombasa, wakitajwa viumbe wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali, hakosekani wa kudakia: "Ah, hao ni vijidudu sugu, hata chumvi haiwawezi." Nimelisikia barazani, nimelisikia kwa walimu, na majuzi likatoka redioni kwa sauti ya mtu aliyejiamini kabisa. Ndipo nikaona sasa limezidi.

Maana yenyewe ni fupi. Halofili ni kiumbe, aghalabu kidogo mno kuonekana kwa macho, kinachohitaji chumvi ili kikue. Basi. Wengi huisoma sentensi hiyo wakaona "kinachoweza kuvumilia chumvi", na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mvumilivu yupo, na tunaye mwilini. Staphylococcus aureus, bakteria anayekaa puani mwa watu wengi, hukua vizuri bila chumvi nyingi. Lakini ukimtilia chumvi ya asilimia 7.5, kiwango kinachowazuia wenzake wengi, yeye huendelea na shughuli zake. Maabara huitumia tabia hiyo kumtenga na bakteria wengine. Huyo mwite sugu ukipenda. Ukimwondolea chumvi, hadhuriki.

Sasa mtazame halofili wa kweli, Halobacterium salinarum. Chini ya takriban asilimia 15 ya chumvi hakui, na raha yake ni asilimia 20 hadi 25. Bahari yetu, iwe Nyali au Likoni, ina kama asilimia 3.5 tu. Kwake hayo ni kama maji ya kisima: ukimtumbukiza humo hupoteza umbo, ukuta wake unalegea, anapasuka. Mzamiaji huyavumilia maji, changu huyahitaji, na hakuna amsifuye changu kwa usugu wa kutozama.

Kwa nini amefungwa na chumvi hivyo? Chumvi huua kwa kuvuta maji. Seli iliyozungukwa na maji makali hunyang'anywa maji yake mpaka inywee, na ndiyo sababu ng'onda haozi upesi. Kiumbe anayetaka kukaa humo lazima ndani yake nako kuwe kuzito kama nje. Wako wanaojijaza vitu visivyo chumvi: mwani wa Dunaliella hutengeneza gliseroli, bakteria wengi hutumia ektoini au betaini. Vitu hivyo haviingilii kazi za seli, na chumvi ya nje ikipungua navyo hupunguzwa. Wenye njia hii wengi wana nafasi ya kuhamahama kati ya maji makali na yasiyo makali.

Halobacterium na jamaa zake wamechukua njia nyingine. Sodiamu huisukuma nje, kisha hujijaza potasiamu hadi ndani kukawa kukali sawa na nje. Njia hii hula nguvu kidogo kuliko kutengeneza gliseroli, lakini protini za kawaida zingeshikamana na kuharibika kwenye ukali huo. Kwa hiyo protini zao zimesheheni asidi za amino zenye chaji hasi, zinazoshika maji zisiyaachie. Chumvi ikiwepo, chaji hizo hutulizwa. Ikiondoka, zinasukumana, na protini inakunjuka na kuacha kazi. Uhitaji wao unatoka hapo, kwenye mitambo ya ndani iliyoundwa kwa ajili ya chumvi, wala si kwenye ugumu wowote wa ngozi.

(Jina lake nalo lisikupoteze: Halobacterium si bakteria, ni arkea, kundi la viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo tu, ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977, wakati jina lilikuwa limeshazoeleka. Arkea wa namna hii wapo hata Ziwa Magadi, na mmoja, Natrialba magadii, amepewa jina la ziwa hilo. Huyo hahitaji chumvi tu, anataka na magadi.)

Kwa wauza samaki wetu lipo jambo moja la kurekebisha. Papa wa chumvi akikaa kwenye joto na unyevu, hufanya wekundu na kunuka, na husemwa kwamba alitiwa chumvi haba. Mara nyingi sivyo. Wekundu ule ni halofili, na aghalabu wamekuja na chumvi yenyewe, ile ya bahari iliyokaushwa juani. Mwaka 1922 watafiti Harrison na Kennedy walieleza wekundu kama huo kwenye samaki wa chumvi huko Kanada. Kumwongezea papa chumvi ileile hakuwaondoi. Ubaridi na ukavu ndio huwazuia. Wala tusiseme wanakula chumvi. Wanachokula ni papa, hasa zile asidi za amino zake.