Je, wajua? Walowezi wa Marekani waliwezaje kulima na kufuga kwenye nyika isiyo na miti?

Ukiangalia ramani ya Marekani, pale katikati kuna ukanda mkubwa unaoanzia Dakota unashuka Nebraska na Kansas mpaka kaskazini ya Texas, na leo huko ni ngano, mahindi na ng'ombe mpaka macho yanachoka. Ila mwaka 1820 afisa wa jeshi, Stephen Long, alipita huko na ramani ya msafara wake ikapaita Jangwa Kubwa. Mkulima wa zamani zile aliijua ardhi nzuri kwa kuangalia miti, sasa hapa kuna nyasi tu, upepo, na maji ya kuyatafuta, kwa hiyo watu walikuwa wanapita zao kwenda Oregon na California.

Kilichowavuta kwanza ni sheria. Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, rais Lincoln alisaini sheria ya kugawa ardhi ya serikali, yaani unapewa ekari 160, unalipa ada ndogo ya kuandikisha, unajenga, unaishi na kulima miaka 5, halafu hati inakuwa yako. Walioruhusiwa ni wakuu wa familia na yeyote aliyefika miaka 21, wanawake wasio na waume wakiwemo, na wageni kutoka Ulaya mradi wametangaza nia ya kuwa raia. Watu Weusi waliotoka utumwani nao walienda, mji wa Nicodemus kule Kansas waliuanzisha wao mwaka 1877 na bado upo mpaka leo. Mimi hiyo habari naona ilitakiwa ifundishwe zaidi.

Haya, umefika na familia, mti hakuna, unajenga na nini? Walijenga kwa ardhi yenyewe. Zile nyasi zina mizizi mingi iliyosukana, mingine inashuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo wakikata tabaka la juu kwa plau linatoka kama tofali, wanapanga matofali hayo ukuta mnene kweli kweli na juu wanaezeka nyasi na udongo, mtu aliyeona nyumba za tembe za Wagogo kule Dodoma atapata picha haraka. Baridi haiingii sana na kiangazi ndani kuna ubaridi mzuri, shida ni mvua, maana paa linavuja matope hata siku mbili baada ya mvua kukata. Kuni je? Walikusanya mavi makavu ya nyati wa Marekani, baadaye ya ng'ombe, yanawaka vizuri tu, na wengine walichoma magunzi ya mahindi au nyasi zilizosokotwa.

Kulima nako kulikuwa kazi maana udongo ule ulinata kwenye plau za chuma cha zamani, unasimama kila hatua kukwangua, mpaka mhunzi John Deere wa Illinois alipotengeneza plau ya feleji (chuma kigumu) iliyong'arishwa mwaka 1837 udongo ukawa unateleza wenyewe. Maji walichimba visima virefu na kuyavuta kwa vinu vya upepo vinavyojigeuza vyenyewe, Daniel Halladay alivibuni 1854. Na reli ndiyo iliyoleta mbao, mbegu na watu, ikachukua ngano kupeleka sokoni, bila treni ungelima halafu umuuzie nani?

Lakini kabla ya wakulima kujaa, nyika hiyo ilishashikwa na watu wa ng'ombe. Baada ya vita kuisha 1865 Texas ilikuwa na ng'ombe wengi mno wa pembe ndefu, mmoja dola 4 hivi, na kaskazini alifika hata dola 40, kwa hiyo kuanzia 1867 makauboi, wakiwemo Weusi na Wameksiko, wakawa wanawaswaga mamia ya kilomita mpaka stesheni ya Abilene, Kansas. Ng'ombe walilisha ardhi ya wazi, kilichowatenganisha ni chapa tu. Kisha 1874 Joseph Glidden akapata hataza (haki ya uvumbuzi) ya seng'enge yake, na hapo mkulima asiye na miti ya kujengea uzio akapata uzio wa bei nafuu, malisho ya wazi yakaanza kufungwa, kukawa na ugomvi wa kukatiana waya na hata kuuana. Halafu baridi kali ya 1886 hadi 1887 ikaua ng'ombe kwa malaki, ndipo wafugaji wakajifunza kuweka uzio, kupanda majani na kuyakausha kwa ajili ya baridi, ranchi zikawa ranchi tunazozijua.

Na pale hapakuwa patupu hata kidogo. Walikuwepo wenyeji wa asili, makabila ya Lakota, Cheyenne, Pawnee, Comanche na wengine wengi walioishi kwa nyati, na nyati walikuwa makumi ya mamilioni, wawindaji wa ngozi wakawamaliza mpaka mwisho wa miaka ya 1880 wakabaki chini ya elfu moja hivi. Mikataba ilisainiwa ikavunjwa, watu wakasukumwa kwenye maeneo ya kutengwa. Ardhi ya bure ya huyu ilikuwa nyumbani kwa yule, na hilo linaniuma kila nikisoma habari hizi.

Wengi walioandikisha hawakuimaliza ile miaka 5. Nzige wa 1874 walikula mpaka mipini ya majembe, na upande wa magharibi mvua kwa mwaka haifiki milimita 500, ekari 160 pale hazilishi familia, ndiyo maana serikali ikaongeza kuwa 320 mwaka 1909, na 640 kwa wafugaji mwaka 1916. Nyasi nyingi zikalimwa, ukame wa miaka ya 1930 ukakuta udongo uko uchi, upepo ukaubeba. Baada ya vita vya pili vya dunia pampu zikaanza kuvuta maji ya Ogallala, hifadhi kubwa ya maji iliyo chini ya ardhi ya nyika hiyo, ndiyo yanayomwagilia mashamba mengi huko leo, na magharibi ya Kansas na kaskazini ya Texas yanapungua haraka kuliko mvua inavyoyarudisha.