Unahamia nje ya nchi? Shika tepu kabla ya kuuliza bei

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaojiandaa kuhamia nje hutufikia na swali moja: itanigharimu shilingi ngapi? Ukiwauliza mzigo wenyewe ni kiasi gani, jibu huwa "kama Canter moja hivi". Canter si kipimo. Bodi zake hazilingani, na mzigo wa kutoka Sinza kwenda Kigamboni hufungwa kamba na turubai huku miguu ya meza ikichungulia juu. Kontena lina mlango, na mlango lazima ufungwe.

Meli inauza nafasi. Kipimo chake ni mita ya ujazo, yaani CBM, kama inavyosemwa Kariakoo na kila anayeagiza mzigo China. Ni boksi la mita moja kila upande. Maji yanayojaa tangi la lita 1000 ndiyo ujazo huo hasa. Mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa CBM au kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi kwa nafasi vinayochukua, kwa hiyo karibu kila mara utalipia CBM.

Kupima ni urefu mara upana mara kimo, vyote kwa mita. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2.1, upana 0.95 na kimo 0.9 ni CBM 1.8. Usipunguze kimo cha mgongo wa kochi kwenye hesabu kwa sababu mbele yake, juu ya kiti, kuna uwazi. Mpakiaji ataupima pamoja na uwazi huo. Tepu za mafundi wetu husomwa kwa futi, na hapo ndipo hesabu huharibika. Futi 7 kwa 3 kwa 3 ni futi za ujazo 63. Nimemwona mtu akizigawa kwa 3.28 kwa sababu ndizo futi za mita moja, akapata CBM 19 kwa kochi moja. Futi za ujazo hugawanywa kwa 35.3, na jibu ni 1.78.

Sasa jambo ambalo naliona likiwaumiza watu zaidi: wanapima kitu kilivyosimama chumbani, wakati kinachosafiri ni kitu kilivyofungwa. Kabati la nguo la mita 1.8 kwa 0.6 kwa 2.1 linakula karibu CBM 2.3. Likifunguliwa skrubu na mbao zake kulazwa pamoja, furushi linaweza kuwa chini ya nusu CBM. Lakini je, linafunguka? Samani nyingi tulizochongesha Keko zimeshikwa kwa gundi na misumari. Ukilazimisha unapasua mninga. Kwa hiyo mwite fundi kwanza, ndipo upime. Orodha za kukadiria zinazosambaa mtandaoni zimetengenezwa kwa samani za Ulaya na Marekani, nazo hazimjui fundi wa Keko.

Upande wa pili ni kufungashia. Meza ya kioo ya sentimita 120 kwa 70, ikivuliwa miguu na kubaki unene wa sentimita 10, ni CBM 0.084. Itie kwenye kreti la mbao linaloongeza sentimita 5 kila upande, inakuwa 130 kwa 80 kwa 20, yaani 0.208. Imekuwa karibu mara mbili na nusu ya ile ya kwanza, na kioo ni kilekile. Kwa vitu vya kawaida vinavyofungwa maboksi na mablanketi, mimi huongeza asilimia 10 hadi 15 juu ya jumla.

Uzito nao una kanuni yake. Wahamishaji wa Marekani hukadiria pauni 7 kwa kila futi ya ujazo, sawa na kilo 112 hivi kwa CBM. Kanuni hiyo inafaa kwa nyumba nzima. Ukiitumia kwa kitu kimoja itakudanganya. Boksi la vitabu la sentimita 40 kwa 30 kwa 35 hufikia kilo 20 na zaidi, yaani takriban kilo 500 kwa CBM. Vitabu viwekwe kwenye maboksi madogo, kwa ajili ya mgongo wa mbebaji na kwa ajili ya boksi lenyewe. Huna mzani wa mizigo? Panda mzani wa kupimia mwili ukiwa umebeba boksi, kisha upande bila boksi, utoe.

Vinyago vya Mwenge vinastahili kupimwa peke yake. Mpingo huzama majini: gogo lake lenye ujazo wa ndoo ya lita 20 huwa na kilo 24 au zaidi. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na msamaha wa kibali kwa vitu vilivyokamilika unaishia kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena. Pima mapema, uulize kibali mapema.

Kwa ndege hesabu inageuka. Shirika huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, hugawanya kwa 6000, halafu hulinganisha na mzani na kutoza kilo zilizo nyingi. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, ni sentimita 152 kwa 183 kwa 20. Kwenye mzani godoro la sponji la ukubwa huo halifiki kilo 20, lakini utatozwa kilo 93. Liachie ndugu.

Ukifikiria kontena zima, la futi 20 lina CBM 33 ndani, ila samani haziingiliani kama matofali. Panga 26 hadi 28. Kwa kanuni ya kilo 112 hiyo ni takriban tani 3, mbali kabisa na uwezo wa kontena. Hata hivyo uzito wa kontena lililojazwa lazima uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini, sharti la kimataifa tangu 1 Julai 2016. Kuna sababu nzito. Baada ya meli MSC Napoli kuharibika karibu na Uingereza mwaka 2007, makontena 660 ya sitahani yalipimwa, na 137 yalitofautiana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani 3.

Basi pita chumba kwa chumba, na stoo usiiache. Andika kila kitu, vipimo vyake kikiwa kimefungwa na idadi ya maboksi. Orodha hiyo ndiyo forodha itaidai pia. Wakala akikupa profoma, yaani ankara ya makadirio, muulize bei imekaa kwa CBM ngapi, kiwango cha chini cha kutozwa ni kipi, na kipimo cha mwisho kinachukuliwa wapi. Wakisema ghalani, nenda siku hiyo, na tepu uwe nayo mkononi.