"Hiyo ni tafsiri yako"

Tafsiri ni kuitoa maana iliyomo katika maneno na kumfikishia asiyeipata, ama kwa lugha nyingine, ama kwa maelezo. Hilo kila mtu analijua. Linaloniuma ni sentensi ninayoisikia karibu kila Jumatano katika ushirika wetu wa Biblia hapa mtaa wa Umoja: "Hiyo ni tafsiri yako," yaani hayo ni maoni yako tu.

Juzi mvua ilinyesha tangu alasiri, tukafika watu watano. Ndugu aliyefungua kwa maombi akatutia moyo kwa Mathayo 18:20, "walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu." Dada mmoja akaomba tuanzie mstari wa 15. Hapo Yesu anamzungumzia ndugu aliyekosa: mwendee mkiwa wawili tu, asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili, ili neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Sharti hilo la mashahidi ni la Kumbukumbu la Torati 19:15. Basi, akasema dada, wawili watatu hawa ni wanaoamua shauri gumu la ndugu yao, sio hesabu ya waliohudhuria. Akajibiwa papo hapo, "Hiyo ni tafsiri yako, dada." Biblia zikafungwa, tukaimba.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu. Mzizi wake, f-s-r, ni kufunua, kuweka wazi kilichofichika. Kutoka hapo tuna fasiri na tafsiri. Wasomi wa Kiislamu hutenganisha tarjama, yaani kuhamisha maneno, na tafsiri, yaani elimu ya kueleza maana ya Kurani. Kiswahili cha kila siku kimelitwika neno tafsiri kazi zote mbili, nami sioni ubaya, maana Kigiriki cha Agano Jipya nacho hufanya hivyo. Marko 5:41 inapotoa tafsiri ya "Talitha, kumi", na Luka 24:27 Yesu anapowaeleza Maandiko wale wawili wa njia ya Emau, vitenzi vya Kigiriki ni vya ukoo mmoja. Katika 2 Petro 1:20, Biblia ya Union ya 1952 inasema hakuna unabii "upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu", na neno lililotumika pale, epilusis, lina asili ya kufungua kilichofungwa. Anayefungua fundo hufuata kamba ilikopita.

Mtazame mkalimani wa Jumapili, aliyesimama ubavuni mwa mhubiri wa Kiingereza na kipaza sauti chake. Hapa Nairobi wengi wa wanaomsikiliza wanazijua lugha zote mbili. Akiruka neno, au akiongeza lake, minong'ono huanzia viti vya mbele, na mara nyingine mhubiri mwenyewe humgeukia amsahihishe. Hakuna anayemwambia kwamba ile ni tafsiri yake. Husema amekosea, kwa sababu kipo cha kumpimia.

Ni kweli wasomaji wawili waangalifu hutofautiana, lakini hubishana juu ya mstari, kidole kikiwa ukurasani. Basi ndugu zangu, ukitaka kusema maoni, sema maoni. Ukiwa hukubaliani na mwenzako, muulize kwa upole, "Umeitoa mstari gani?" Dada yule angekujibu: wa 15.