Piesi Mpya, Ugonjwa Uleule: Kwa Nini Gari Linarudi Garaji

Gari likitengenezwa leo na piesi, yaani spea, ikafa kabla ya mwezi kuisha, hapa Bukavu hukumu huwa tayari: piesi ilikuwa ya bandia. Mwenye gari anasema hivyo, fundi anasema hivyo, na muuza piesi anamtupia fundi lawama. Wengi wanaonijia ni watu waliokwisha kulipa mahali pengine, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kufungua upya kile kilichofungwa juzi. Ninachokikuta ndani hakilingani na hiyo hukumu. Piesi za bandia zipo, nitazifikia. Lakini mara nyingi zaidi piesi mpya imeuawa na kitu kilekile kilichoiua ile ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyekitafuta, au imeharibiwa wakati wa kufungwa, hata kabla gari halijatoka uani.

Nianze na silembloki, maana ndizo zinazosingiziwa kuliko piesi zote. Silembloki ni mpira ulioshikamana na mabomba mawili ya chuma, moja la ndani na moja la nje. La nje limesukumizwa kwa nguvu ndani ya triangili, ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu; la ndani linabanwa na buloni (bolti) kwenye shasi. Tairi likipanda na kushuka hakuna kinachoteleza pale. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga kidogo na kurudi mahali pake.

Sasa tazama inavyofungwa. Gari liko juu ya kriki (jeki), tairi limetolewa, triangili inaning'inia chini kabisa. Fundi anaingiza buloni na kuikaza hapohapo kwa nguvu zake zote, kisha anashusha gari. Likigusa ardhi, triangili inapanda, lakini bomba la ndani limekwisha kubanwa katika pembe ile ya kuning'inia. Mpira unabaki umenyongwa hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Ukiliendesha kutoka mtaa wa Essence kwenda Panzi, kila shimo linaongeza mnyongo juu ya mnyongo. Baada ya wiki chache mpira unachanika kulizunguka bomba la ndani, na ule mlio wa "go, go" uliokuleta garaji unarudi. Nikiikata silembloki iliyokufa hivyo, mara nyingi mpira wake bado ni mweusi na laini. Haikuwa mbovu.

Dawa yake haina gharama. Buloni za triangili ziachwe zimelegea, gari lishushwe likae juu ya tairi zake, litikiswe mara mbili tatu ili spring zikae sawa, ndipo zikazwe fundi akiwa chini ya gari. Asiyeweza kuingia chini aweke kriki ya pili chini ya triangili na kuipandisha hadi kimo inachokuwa nacho gari likiwa ardhini. Ukienda kubadilisha silembloki, simama uone jambo hili moja tu. Kama buloni imekazwa tairi likiwa linaning'inia, mwombe fundi ailegeze, kwa adabu, na umwambie sababu.

Amortisa (shokamzoba) nayo huuawa siku ya kwanza. Nati ya juu ikiwa ngumu, fimbo inazunguka pamoja nayo, na fundi anaikamata fimbo kwa pensi (koleo) ili isizunguke. Fimbo ile imepakwa kromu na kusuguliwa hadi ikang'aa kwa sababu inapita kwenye mdomo wa mpira kila gari linaporuka, na mdomo huo ndio unaozuia mafuta yasitoke. Meno ya pensi yakiacha mikwaruzo, kila kupanda na kushuka kunaukata mpira kidogo. Mwezi haufiki, amortisa imelowa mafuta na vumbi limeganda juu yake. Ushahidi wake haubishaniwi: inua kifuniko cha vumbi, futa fimbo kwa kitambaa, pitisha ukucha. Ukisikia alama za meno, hapo hakuna haja ya kumlaumu Mchina. Ncha ya juu ya fimbo ina bapa au tundu la kushikia kwa kle (spana), imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Freni naziandikia kwa moyo mzito zaidi, kwa kuwa mji wetu ni milima na ukitoka mjini kwenda Uvira bila kupitia Rwanda, unateremka mlima mrefu wa Ngomo. Malalamiko ninayoyapokea ni haya: plaketi (pedi za freni) mpya, ya ndani imekwisha hadi chuma, ya nje karibu haijaguswa. Plaketi hazina kosa. Etriye, lile bano linalozikumbatia, linatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili libane pande zote sawasawa. Pini zikishikwa na kutu na matope, etriye haitembei, na plaketi ya upande wa pistoni inafanya kazi peke yake. Fundi anayebadilisha plaketi bila kuzitoa hizo pini, kuzisafisha na kuzipaka grisi inayofaa mipira ya freni, amekuuzia plaketi nyingine za kumaliza haraka. Na grisi isiwe ile ya kardani (propela shafti), kwa sababu inaufanya mpira wa pini uvimbe, na pini zitashika tena upesi.

Pia kuna flexible, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Ukizeeka unavimba kwa ndani. Mguu ukikanyaga, nguvu inapita. Ukiachia, mafuta hayarudi upesi, na plaketi zinaendelea kusugua diski. Ukifika, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa: upande mmoja joto, mwingine baridi. Watu hubadilisha plaketi, kisha diski, kisha rulema (beringi) iliyopikwa na joto hilo, na flexible iko palepale.

Halafu mafuta yenyewe. Mafuta ya freni hunywa maji kutoka hewani, taratibu, hata kama gari halitembei. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kipimo hicho kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205, kisha 140. Teremka Ngomo na mzigo, mguu ukiwa juu ya pedali mteremko mzima hadi karibu na Kamanyola, na nyuzi 155 hazina ugumu wa kufikiwa. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali inazama hadi chini. Gari limetoka garaji juzi likiwa na plaketi mpya, kwa hiyo lawama zinakwenda kwa plaketi, wakati mafuta ndani ya mabomba hayajawahi kubadilishwa tangu gari liliposhuka melini. Badilisha mafuta ya freni kila miaka miwili hivi, na mtelemko ule uushuke kwa gia ndogo. Usikubali kamwe mtu akujazie mafuta ya usukani au ya moteri (injini) kwenye kikopo cha freni eti kwa kuwa mengine yameisha dukani. Mipira yote ya mfumo itavimba, na hapo hakuna cha kuosha, ni kubadilisha kila mpira ulioguswa.

Sasa tuje kwenye gasketi ya kulasi (silinda hedi), inayofilisi familia. Gari limechemka, gasketi imeungua, imebadilishwa, na baada ya safari mbili imeungua tena. Swali la kwanza kwangu ni kwa nini lilichemka mwanzoni. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Kwenye kimo hiki maji ya sufuria wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya moteri ni kifuniko cha radiateri, chenye spring inayobana mfumo kwa shinikizo la karibu bar moja na kusogeza mchemko hadi karibu nyuzi 115. Spring ikilegea, unarudi kwenye 95, joto ambalo moteri nyingi hulifikia kila siku kwenye kupanda. Kifuniko ni bei ya chakula cha mchana, na nimeona kulasi zikibadilishwa nzima huku kifuniko kibovu kikirudishwa juu ya radiateri ileile.

Kulasi iliyochemka hupinda. Inatakiwa kuwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa vipande vyembamba vya kipimo, na moteri nyingi ndogo haziruhusu upindo wa zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, yaani usiozidi unene wa karatasi ya daftari. Jicho halioni hilo. Kusugua kulasi kwa msasa juu ya ubao kunaondoa chuma kwingine na kuacha bonde kwingine. Ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha, au isifungwe.

Kisha buloni. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kle yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, na kwa moteri nyingi za siku hizi awamu ya mwisho inahesabiwa kwa nyuzi za mzunguko. Buloni za aina hiyo hutanuka zinapokazwa, na nyingi haziruhusiwi kutumika tena. Jambo ninalolikuta mara kwa mara ni dogo zaidi: kulasi ilipotolewa, maji na mafuta yalimwagikia kwenye matundu ya buloni, na hayakupulizwa. Buloni inashuka, inagonga maji chini ya tundu, na maji hayaminyiki. Kle inasema imekaza, lakini kulasi haijabanwa. Gasketi inaungua mahali hapo hasa. Bahati ikiwa mbaya zaidi, bloku yenyewe inapasuka. Kila tundu lipulizwe kwa hewa, lifutwe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, na buloni ishuke kwa vidole kabla ya kle kuguswa.

Na kalorstati (themostati) irudishwe! Nalisema kwa sauti kwa sababu hapa karibu kila gari lililowahi kuchemka limetolewa kalorstati, kwa nia njema kabisa, "ili maji yapite vizuri". Kwenye moteri nyingi za Toyota, kalorstati ikifunguka njia ya radiateri, wakati huohuo inaziba njia fupi inayoyarudisha maji kwenye moteri bila kupozwa. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji haifiki kwenye radiateri kabisa. Asubuhi moteri inachelewa kupata joto na kunywa mafuta mengi, na mchana, kwenye kupanda Ngomo, inapata joto kupita kiasi.

Mengine niyapitie upesi, kwani kanuni ni ileile. Turbo mpya hufa kwa sababu bomba dogo linaloiletea mafuta limeziba kwa masizi, au kwa sababu iliwashwa kavu. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, sekunde chache bila mafuta zinaitosha. Diski mpya ya ambreyaji (klachi) huteleza kwa kuwa mpira wa nyuma wa moteri unavuja na kuilowesha. Mkanda wa distribusio (timing belt) unakatika mapema kwa sababu rulema ya kuukaza imeachwa ya zamani. Rulema ya gurudumu inaanza kulia kwa sababu ilipigwa nyundo kwenye pete ya ndani wakati pete ya nje ndiyo iliyokuwa inaingizwa, na golori zikaacha vidonda kwenye njia yake. Silikoni iliyopakwa kama siagi kwenye mkate inabanwa kuelekea ndani, inadondoka kwenye kata, bakuli la mafuta lililo chini ya moteri, na kuziba chujio la pompa ya mafuta.

Kuhusu bandia: soko letu limejaa, na maboksi yamekuwa mazuri kuliko piesi. Ishike ya zamani mkono mmoja na mpya mkono wa pili. Ikiwa nyepesi waziwazi, kingo zake zina makapi ya chuma, au namba imechapwa vibaya, iache dukani. Mimi binafsi napenda piesi ya chuma ya okazio (iliyokwisha kutumika) kutoka Japani kuliko mpya ya bei ya kutupa: triangili, diski nzito, alternateri iliyopimwa. Lakini kitu chenye mpira, kitambaa cha msuguano au gasketi sikinunui okazio, hata kikiwa kinang'aa.

Mafundi wenzangu wasinielewe vibaya. Fundi wa Kadutu, humu mjini, analipwa kwa kazi, si kwa saa. Mteja amesimama juu ya kichwa chake akiangalia simu, piesi amekuja nayo mwenyewe, na anataka gari saa kumi. Saa nzima ya kutafuta kilichoiua piesi ya kwanza hakuna anayeilipa. Mlipe hiyo saa, Papa, Mama. Ni rahisi kuliko kununua piesi mara mbili. Na sisi mafundi, kle yenye kipimo ni ghali kwa mmoja, lakini garaji tatu za jirani zinaweza kuichanga na kuazimana.

Piesi ikikufia tena, usiioshe wala kuitupa. Andika kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi siku ilipofungwa na siku ilipokufa, iweke kwenye mfuko na mafuta yake, uanze kwa fundi yuleyule na umwombe afungue mbele yako. Ikiwa ni freni, gari lisitembee hata kwa kuteremka polepole hadi kwake. Mwite aje pale liliposimama.