Watafuta Njia: kambi ya wasichana si ya jikoni

Wapo wanaoamini kwamba kwenye kambi za Watafuta Njia, chama cha vijana wa Kanisa la Waadventista Wasabato, wavulana hujifunza porini na wasichana husonga ugali. Sivyo. Chama kilitambuliwa rasmi mwaka 1950, na mtaala wake ni mmoja kwa wote wa miaka 10 hadi 15. Binti naye hufunga mafundo, hutoa huduma ya kwanza, na huwasha moto kwa njiti moja tu ya kiberiti (jaribu kuni zikiwa mbichi!). Kinachotenganishwa hasa ni mahema ya kulala na walezi: wasichana husimamiwa na mama au dada. Zamu ya kuosha masufuria? Kambi ikimwachia binti peke yake, hiyo ni mila ya nyumbani, haimo kwenye mtaala.